Bunduki ya dola 600 au ya dola 2,000? Mwongozo kamili wa kuchagua AR-15 bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Kwetu Tanga ukisema "SMG" kila mtu anajua unazungumzia ile bunduki ya askari yenye magazini iliyopinda, na mazungumzo yanaishia hapo, kwa sababu raia hana biashara nayo. Hapa Texas nilikuta mambo mengine kabisa. Duka lile lile linalouza mabuti ya mvua na chakula cha mbwa lina ukuta mzima wa bunduki za nusu otomatiki, zimefanana kama mapacha, moja ina kibandiko cha dola 549 na ya pembeni yake dola 2,300. Nilimwuliza muuzaji tofauti ni nini. Akanijibu, "Ubora." Nikashukuru, nikaondoka, nikiwa sijui zaidi ya nilivyoingia.

Miaka imepita. Tangu hapo nimenunua mbili, nimeuza moja, na nimesaidia ndugu kadhaa wa huku kuchagua zao, wengi wao kwa sababu ile ile yangu: nguruwe pori. Wanafukua mashamba kama trekta, na wenye ranchi wanafurahi ukija kuwapunguza. (Nyama yao mimi siigusi, dini hairuhusu. Jirani yangu na mbwa wake hawana kizuizi hicho.) Haya ninayoandika ni kwa Mswahili anayeishi Marekani, ana haki ya kununua, na hataki kulipia jina.

Nitazungumzia AR-15 peke yake, kwa sababu ndiyo inayojaza kuta za maduka. Ni nusu otomatiki: kila ukivuta triga inatoka risasi moja, kisha bunduki yenyewe inatupa ganda na kupakia risasi nyingine. Ukitaka ya pili, unaachia triga na kuvuta upya.

Hatua ya 1: Hakikisha sheria iko upande wako

Hili linachosha, lakini ndilo lililowaharibia watu maisha, kwa hiyo tulimalize kwanza.

Ukiwa raia au una green card, sheria ya serikali kuu inakuruhusu, mradi huna kosa linalokuzuia. Ukiwa hapa kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, jibu kwa kawaida ni hapana. Kuna milango michache sana, kama vile kuwa na leseni halali ya kuwinda, na huo mlango usiupite bila kuongea na wakili wa uhamiaji. Dukani utajaza Fomu 4473 na jina lako litapitishwa kwenye mfumo wa FBI wa kukagua rekodi. Fomu ina swali la bangi: hata kama jimbo lako limeihalalisha, kwa serikali kuu mtumiaji wa bangi haruhusiwi. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni jinai, na kwa asiye raia hukumu ya kosa la silaha inaweza kumrudisha nyumbani kwa ndege asiyoilipia nauli.

Halafu kuna lile la undugu. Binamu anakuja: "Kaka, wewe una makaratasi, ninunulie, hela hii hapa." Kataa. Kumnunulia mtu mwingine huku ukijifanya mnunuzi ni wewe, tangu sheria ya mwaka 2022, kunaweza kukuletea kifungo cha hadi miaka 15. Na usifungashe bunduki wala kipuri chake kwenye kontena la kwenda nyumbani, hata kama kipuri chenyewe ni kidogo kuliko kidole. Kusafirisha nje bila leseni ni kosa huku, na kule utapokelewa na kosa jingine.

Majimbo hayafanani. California, New York, New Jersey, Connecticut, Massachusetts, Maryland, Illinois na Washington yana sheria zinazozuia bunduki nyingi za aina hii au kubana umbo lake. Umri pia: serikali kuu inasema miaka 18 kwa bunduki ndefu inayonunuliwa dukani, lakini Florida, kwa mfano, ilipandisha hadi 21 mwaka 2018. Na mtutu usiwe chini ya inchi 16, la sivyo unaingia kwenye sheria ya mwaka 1934 yenye usajili wake wa pekee.

Hatua ya 2: Jua kwa nini ya bei rahisi siyo lazima iwe takataka

Kwetu tunaambiwa rahisi ni ghali. Kwa viatu ni kweli. Kwa AR-15 si kweli sana, na sababu yake ni ya kihistoria.

Bunduki hii ilibuniwa na Eugene Stoner na wenzake katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950. ArmaLite ikauza haki zake kwa Colt mwaka 1959, na Colt ikaanza kuuzia raia toleo la nusu otomatiki katikati ya miaka ya 1960. Hataza kuu zilipokwisha muda mwaka 1977, mtu yeyote mwenye mashine na leseni aliruhusiwa kutengeneza. Vipimo vyake vinajulikana, vipuri vinaingiliana. Alumini ya mwili wake, ile ya daraja la 7075, kampuni nyingi zinainunua ikiwa imeshafuliwa kwenye viwanda vichache vile vile, kisha kila moja inachonga na kugonga nembo yake. Kwa hiyo mwili wa bunduki ya dola 600 na wa dola 2,000 unaweza kuwa umetoka kwenye tanuru moja.

Basi hela inakwenda wapi? Inakwenda kwenye vitu vitatu: bolti (kile chuma kinachoifungia risasi kwa nyuma inapopigwa), mtutu, na macho ya mtu aliyeikagua kabla haijaingia kwenye boksi. Hicho cha tatu ndicho kikubwa kuliko vyote. Kiwanda cha bei nafuu kinaweza kutoa bunduki nzuri kabisa Jumatatu, na Ijumaa kikatoa yenye skrubu iliyolegea. Kiwanda cha bei ghali nacho kina Ijumaa zake, ila pale kuna mtu wa kuzikamata. Unapolipa zaidi unanunua uhakika kwamba hii uliyoshika inafanana na zile zilizosifiwa.

Na uhakika huo, kwa sehemu kubwa, unaweza kuutafuta mwenyewe, kwa nusu saa ya ukaguzi na siku mbili za uwanja wa shabaha.

Hatua ya 3: Elewa gesi, maana ndiyo inayoleta kesi nyingi

Ukielewa aya hizi mbili umeshamzidi muuzaji.

Risasi inapokimbia ndani ya mtutu, nyuma yake kuna gesi yenye shinikizo kali. Juu ya mtutu kuna tundu dogo. Gesi kidogo inachepuka hapo, inapanda kwenye mrija mwembamba, inarudi nyuma na kuingia kwenye kibeba bolti, yaani kile chuma kizito kinachokwenda mbele na nyuma. Kinarudi nyuma, bolti inajizungusha na kufunguka, ganda linachomolewa na kurushwa nje. Springi iliyo kwenye kitako inakisukuma mbele tena, na njiani kinakwangua risasi mpya kutoka kwenye magazini.

Sasa, kiwanda kinachouza bei nafuu kinajua mteja wake atalisha bunduki risasi za bei nafuu, zilizo dhaifu. Akirudi kulalamika kwamba bunduki inakwama, ni hasara. Kwa hiyo wengine wanatoboa tundu la gesi kubwa kuliko inavyohitajika. Matokeo yake bunduki haikwami ikiwa mpya, lakini inapiga teke zaidi, bolti inafunguka mapema wakati ganda bado limevimba ndani ya chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa), na vipuri vinachoka haraka. Tiba ya kwanza ni kuchagua mrija mrefu zaidi. Kwa mtutu wa inchi 16, mrija wa kati ni mpole kuliko ule mfupi wanaouita "carbine", kwa sababu gesi inachukuliwa mbele zaidi ambako shinikizo limeshapungua. Bunduki nyingi za bei nafuu zinakuja na mrija mfupi. Lakini siku hizi hata kwenye dola 600 hadi 700 unaupata wa kati, na mimi nisingechukua mwingine.

Hatua ya 4: Jipange kwenye daraja lako la bei

Bei zinapanda na kushuka, na mwaka wa uchaguzi zinaruka. Lakini ngazi zenyewe hazibadiliki sana.

Chini kabisa, takriban dola 500 hadi 800, utakuta Palmetto State Armory ya South Carolina, Ruger AR-556, na Smith & Wesson M&P15 Sport. Hizi ni bunduki za kweli. Zinapiga nguruwe, zinapiga karatasi, zinalinda nyumba. Ruger na Smith & Wesson ni kampuni kubwa zenye huduma baada ya mauzo, na hilo kwa mgeni lina thamani: ikiharibika unapiga simu, wanakutumia lebo ya kuirudisha.

Katikati, takriban dola 900 hadi 1,600, kuna Aero Precision upande wa chini, kisha Colt 6920 na BCM ya Wisconsin upande wa juu. Hapa ndipo unapoanza kupata bolti iliyojaribiwa moja moja, skrubu zilizofungwa kwa mikono inayojua, na mtutu uliopakwa kromu ndani. Ningekuwa na dola 1,300 leo, zingeishia hapa, na nisingetazama juu wala chini.

Juu, dola 1,800 na kuendelea, kuna Daniel Defense ya Georgia, LMT, na Knight's Armament ya Florida, ambayo bolti yake imeundwa upya ikiwa na meno ya mviringo ili yasivunjike. Ni vitu vizuri mno. Ukiishika unaisikia: hakuna kinachocheza, triga inakatika kama barafu nyembamba. Swali ni kama utaitumia kiasi cha kuuona huo uzuri. Mtu anayepiga risasi 500 kwa mwaka hataweza kuichosha bunduki yoyote kati ya hizi nilizotaja kabla hajastaafu.

Neno la tahadhari kuhusu maandishi "mil-spec", yaani vipimo vya kijeshi, kwenye boksi. Jeshi lina kabrasha zima la vipimo, vifaa na majaribio. Kampuni nyingi zikiandika neno hilo zina maana ya kipimo kimoja au viwili tu, kama vile unene wa bomba la kitako. Sawa na mwenye duka Kariakoo anayeandika "original" kwa wino mwekundu.

Na kwa wale wa AK: haya ninayosema msiyahamishie huko. Kwenye AK bei rahisi inaweza kuwa hatari ya mwili, hasa pale kile kipande kikuu cha mbele kinachoshika mtutu na kufungia bolti kinapokuwa cha chuma cha kumimina badala ya chuma cha kufua. Cha kumimina kinaweza kuliwa taratibu au kupasuka, na uso wako uko sentimita chache nyuma yake. Ukitaka AK, usitafute ya chini kabisa.

Hatua ya 5: Ikague kabla hujalipa

Mwombe muuzaji aifungue. Ana pini mbili tu za kusukuma, akikataa nenda duka jingine. Bila shaka kwanza hakikisha mwenyewe kwamba chemba ni tupu: kwa jicho, kisha kwa kidole. Mdomo wa mtutu uelekee pasipo na mtu, hata kama umeshathibitisha mara tatu.

Toa kibeba bolti. Juu yake kuna kipande kidogo kama kofia ambacho ndimo mrija wa gesi unaingia, na kimeshikwa na skrubu mbili. Angalia pembeni ya kila skrubu: fundi anatakiwa awe amegonga chuma kwa patasi mpaka kikajikunja na kuuma kichwa cha skrubu ili isizunguke. Iwe imeumwa kweli kweli, si kuchubuliwa tu rangi. Hapa ndipo ninapoanzia siku zote, na nina sababu. Rafiki yangu mmoja alinunua bunduki ya bei nafuu, akanialika uwanjani. Risasi 60 za kwanza, safi. Ya 61, ganda halikutoka vizuri. Baadaye kila risasi ya tatu inakwama, kisha kila ya pili. Tulibadilisha magazini, tukabadilisha risasi, tukaongeza oili mpaka ikawa inachuruzika. Jioni, mezani kwake, nikakishika kile kikofia kwa vidole: kikacheza kama jino la mtoto. Skrubu zilikuwa na alama za kuchubuka, hazikuwa zimeumwa. Gesi yote ilikuwa inavuja hapo. Kazi ya sekunde kumi kiwandani, haikufanywa.

Sasa bolti yenyewe. Tafuta herufi MP au MPI zilizochorwa juu yake. Maana yake ilikaguliwa kwa sumaku kutafuta nyufa zisizoonekana kwa macho. Kwenye bunduki za bei ya kati na juu utaikuta mara nyingi. Isipokuwepo haina maana kwamba bolti ni mbovu. Ni kwamba hakuna aliyeapa. Tazama pia springi ya ile kucha inayochomoa ganda. Ndani yake kuwe na kipande kidogo cha mpira mweusi.

Rudi nyuma kwenye kitako. Ile nati kubwa yenye meno inayoshika bomba la kitako nayo inatakiwa iwe imegongwa isilegee. Bunduki za bei nafuu zinasahau hapa mara nyingi kuliko mahali pengine.

Soma maandishi ya mtutu. Yanakuambia chemba imechongwa kwa risasi gani. Unataka 5.56 NATO, au .223 Wylde. Ukikuta .223 Remington peke yake, jua kwamba risasi za 5.56 hazifai humo, kwa kuwa koo la chemba ni fupi na shinikizo litapanda. Namba nyingine, 1:7 au 1:8 au 1:9, ni kasi ya msokoto wa mifereji ndani ya mtutu. 1:7 na 1:8 zinashika risasi nyepesi na nzito. 1:9 inapenda nyepesi, kama zile za kawaida za greni 55. Kwa nguruwe na karatasi usikose usingizi juu ya hili.

Kuhusu ngozi ya ndani ya mtutu, kama unaishi Houston au popote pwani ambapo jasho halikauki, chagua kromu au ile rangi nyeusi ya naitraidi. Mtutu wa chuma kitupu utakuletea kutu kama bati la nyumba ya Pangani.

Mwisho, vuta triga, chemba ikiwa tupu na mwenye duka akiwa amekubali. Triga ya kawaida ya AR ni nzito na ina mchanga mchanga. Hilo si kasoro, na si sababu ya kuongeza dola 1,000. Triga nzuri unaweza kuinunua peke yake baadaye.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya gharama yote

Watu wanalinganisha vibandiko viwili na kusahau kwamba bunduki inakula.

Risasi ya kawaida ya 5.56 ya ganda la shaba unaweza kuihesabu kwa senti 50 hivi. Zile za chuma kutoka Urusi zilizokuwa zinashusha bei zilibanwa mwaka 2021, Marekani ilipoacha kutoa vibali vipya vya kuziingiza. Sasa chukua bunduki ya dola 650 na ya dola 2,000. Tofauti ni dola 1,350, ambazo ni risasi 2,700. Mtu aliyepiga risasi 2,700 chini ya mwalimu mzuri, na bunduki ya kawaida, atamwacha mbali yule mwenye bunduki ya fahari na boksi mbili za risasi kabatini. Nimeliona hili uwanjani kila mwezi: kijana ana bunduki yenye darubini ya bei ya gari kuukuu, na bibi mmoja wa kizungu pembeni yake, na kitu chake kilichochubuka, anapiga duara moja.

Endelea na hesabu. Mtutu mzuri unaweza kudumu risasi 10,000 au zaidi ukiutumia kistaarabu. Risasi hizo 10,000 ni dola 5,000. Mtutu mpya, takriban dola 200. Bolti nzuri kamili na kibeba chake, kati ya dola 100 na 200. Ukifika hatua ya kuchosha bunduki ya bei nafuu, gharama ya kuifufua ni vumbi kwenye bili yako ya risasi.

Kwa hiyo bajeti ya anayeanza naiona hivi: bunduki dola 650 hadi 800, magazini tano za kampuni inayoaminika kwa dola 60 au 70, vizuia masikio na miwani, mkanda, risasi 500 za majaribio kwa dola 250, darasa la siku moja, na sefu. Sefu isiwe kitu cha mwisho. Nyumba zetu zina watoto, wageni, watoto wa wageni, na mtu aliyekuja kulala wiki mbili ambaye sasa ana miezi minne.

Mzani unaelemea upande wa ghali katika hali chache. Kazi yako inategemea bunduki, kama polisi au mlinzi. Unapiga maelfu ya risasi kwa mwaka. Au unajua utaiuza, kwa sababu majina makubwa yanashika bei vizuri na ya dola 600 inapoteza sehemu kubwa siku unapotoka nayo dukani. Na kuna sababu ya nne ambayo watu wanaionea haya: unaipenda na una hela. Basi nunua. Usitutungie tu kwamba ni lazima.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla hujaiamini

Hapa ndipo bunduki ya bei nafuu inapopata cheti chake.

Kwanza ifute ile grisi ya kiwandani na uipake oili. AR inapenda kulowa: kwenye kibeba bolti, pale panapong'aa kwa kusuguana, na kwenye pete za bolti. Wengi wanaolalamika kwamba bunduki yao inakwama wameipiga kavu.

Nenda uwanjani na risasi 100 za aina moja. Weka alama kila magazini kwa kalamu ya rangi: 1, 2, 3. Ikikwama, andika namba ya magazini kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Magazini ni mshukiwa wa kwanza daima. Bunduki yangu mwenyewe, ile ya bei ya juu niliyoiuza baadaye, iliniaibisha siku nzima mbele ya watu kwa sababu ya magazini moja ya kuokota iliyopinda midomo. Dola elfu mbili zimezimwa na kitu cha dola nane.

Tazama maganda yanakodondokea. Chukulia mdomo wa mtutu unatazama saa 12. Yakitua kati ya saa 3 na saa 4 na nusu, mambo ni mazuri. Yakirushwa mbele, saa 1 au 2, kwa kawaida gesi imezidi. Mara nyingi tiba ni kubadilisha kile kipande kizito kinachokwenda na springi ndani ya kitako ("buffer") uweke chenye uzito zaidi: cha kawaida ni wakia 3, kinachofuata ni wakia 3.8, na ni kitu cha dola 20 au 30. Yakidondoka nyuma karibu na bega lako, gesi haitoshi. Rudi kwenye zile skrubu za Hatua ya 5.

Okota maganda machache uyaangalie kwa karibu. Ukingo wa chini uliochanika au kuinuliwa unasema kucha inavuta ganda kabla halijalegea, yaani gesi tena.

Jaribu la mwisho la siku: weka risasi moja tu kwenye magazini, piga, na bolti ibaki wazi nyuma. Rudia mara tano kwa kila magazini. Jaribio hili dogo linaonyesha kama gesi inatosha kukisukuma kibeba bolti safari nzima.

Siku ya pili, risasi 400, za aina mbili tofauti, bila kuisafisha katikati, ila oili ruksa. Zikipita zote bila hitilafu, au na moja tu iliyoelezeka, umepata bunduki. Zikizidi mbili na magazini si wa kulaumiwa, usianze kuchonga wala kubadili vipuri, dhamana itakufa. Irudishe kiwandani na karatasi yako yenye namba, tarehe na aina ya risasi. Mteja mwenye karatasi anahudumiwa tofauti na mteja mwenye hasira.

Shabaha ipime mwisho, kwenye meza, yadi 100, risasi tano tano. Bunduki ya bei nafuu ikikupa duara la inchi 3, yaani matundu yote matano yameingia humo, ni sawa kabisa. Ghali inaweza kukupa inchi moja na nusu ukitumia risasi nzuri. Nguruwe dume ana eneo la moyo na mapafu kubwa kuliko vyote viwili. Jambo moja kwa wawindaji wa Texas: tangu Septemba 2019 huhitaji leseni ya kuwinda nguruwe pori kwenye ardhi binafsi, lakini ruhusa ya mwenye ardhi unaihitaji, na mimi huiomba kwa maandishi kila msimu. Mtu mweusi mwenye bunduki gizani kwenye ranchi ya watu anafaa awe na ujumbe huo kwenye simu, na sherifu wa kaunti awe ameambiwa mapema.

Hatua ya 8: Iweke katika hali hiyo

Nina daftari la shule, lile la mistari. Ukurasa wa kwanza una namba ya bunduki na tarehe ya kununua. Baada ya hapo ni tarehe, idadi ya risasi, na kilichokwama. Kila risasi 1,000 naangalia zile skrubu mbili, ile nati ya kitako, na meno ya bolti kwa kioo cha kukuzia, hasa pale tundu la pini linapopita, maana ndipo bolti za aina hii hupasukia. Kila risasi 3,000 au hivi nabadilisha springi ya kucha, kitu cha dola chache.

Bunduki yangu ya dola 620 iko kwenye risasi 7,140. Imekwama mara nne. Tatu ni magazini namba 3, ambayo sasa iko kwenye pipa la takataka. Ya nne nilikuwa nimesahau oili.